Siku Niliyoacha Kumzika Kipa Wetu

Kosa ni langu, ndugu msomaji, tena usinihurumie. Nilimsaliti marehemu, nikamfanya mama yangu mzazi aonekane mwongo mbele ya watu.

Mimi ni mtu wa Koboko, ila naishi Oli, hapa Arua, nauza vipuri vya pikipiki. Zamani nilishangilia timu yetu ya nyumbani. Uwanja vumbi tupu, nyavu zimeshonwa kwa kamba, mbuzi wanakatiza mechi ikiendelea! Nilipohamia Arua nikaanza kuiona aibu. Nikajiunga na mashabiki wa klabu moja kubwa ya Ulaya, sitaitaja. Aliyenibishia nilimwuliza: timu yako ina makombe mangapi? Nani anaijua duniani? Nikajiona na mimi mkubwa. Ujinga mtupu!

Jumapili moja nikapigiwa simu. Taban, kipa wetu wa miaka yote, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, amekufa kwa malaria. Anazikwa saa kumi, kwao Lurujo, huko huko Koboko. Na saa kumi na mbili klabu yangu inacheza mechi ya kuamua ubingwa! Nikijua nikienda sitarudi kabla ya mechi, nikampigia mama: "Mama, homa imenishika, siwezi hata kuinuka."

Mama akaenda peke yake. Watu walipouliza niko wapi, akasimama akawaambia, "Mutoto yangu iko mugonjwa sana. Muombee yeye."

Tukachukua ubingwa. Nikazunguka mji juu ya boda, bendera shingoni, napiga kelele. Mtu akanipiga picha, akaituma. Ikafika Lurujo watu wakiwa bado wamekaa matangani, ikapita simu hadi simu mpaka ikafika mkononi mwa mama.

Hakunigombeza. Heri angenitukana! Ila tangu siku hiyo hakukanyaga tena uwanjani, yeye aliyewafulia wachezaji jezi miaka na miaka. Nikawa najiambia nitakwenda wiki ijayo nimwombe msamaha. Wiki ijayo, wiki ijayo. Akafa sijaenda.

Nikaandika kwenye kundi la wasap la wenzangu wa klabu kubwa. Wakaweka picha za mishumaa, "pole kaka", kisha wakarudi kubishana kuhusu mshambuliaji mpya. Hakuja hata mmoja!

Timu ya vumbi ilikuja yote. Walileta turubai, wakachimba kaburi kwa zamu, wakambeba mama yangu mabegani. Ndipo nikajua klabu kubwa ni ipi, nami nilishajitoa mwenyewe.

Tulikuwa tumepika ugali wa muhogo na nyama. Wakanawa udongo mikononi, wakaokota majembe yao. Nikamkimbilia nahodha. "Kaka, kuleni kwanza, nakuomba."

Akajibu bila kuniangalia, "Mama iko mutu yetu. Chakula yako, hapana."

Wakaondoka wote! Kwetu watu wakikataa chakula cha msiba wako, wamekufuta.

Nimekwenda kuomba radhi mara tatu. Wananisikiliza, kisha wanaendelea na mazoezi. Mjane wa Taban hata mlango hanifungulii, na sioni kwa nini anifungulie.

Wewe uliyevaa jezi ya mbali, ukisikia msiba kwenu, ivue uende! Usijidanganye kwamba utaomba radhi baadaye. Mimi nikifa leo, sijui nani atashika jembe.