Vikapu Vilivyorudi Siku Hiyohiyo

Mume wangu alikuwa karani mkalimani mpakani Tunduma, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Kwa kuwa kila mwezi aliketi meza moja na makarani wa serikali ya ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini, alipenda kuniambia kwamba sisi ni mabalozi. Ubalozi wenyewe ulikuwa wa ng'ombe zaidi: nani kavusha, nani kalishia kwa nani, na fahali wa huku aliyekwenda kuoa kule bila kibali atarudishwa vipi. Lakini mie neno lile liliniingia kichwani likajenga nyumba. Mke wa balozi! Mie, mtoto wa Muheza niliyekua nikipanda michungwa na kupigwa fimbo kwa ajili yake, sasa nilikuwa naiwakilisha Tanganyika mbele ya mataifa. Nilianza kuvaa viatu hata kwenda chooni.

Tulifika Tunduma mimba yangu ikiwa ya miezi mitano. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza iliharibika tukiwa njiani kuhamia kituo kingine, nimekaa juu ya magunia nyuma ya lori. Ya pili nilijifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake, alfajiri, akaishi hadi jua la utosi, akanyamaza mikononi mwangu. Hii ya tatu niliitaka mpaka nikaogopa kuitaja kwa sauti. Usiku wa kwanza Tunduma, upepo unapiga bati juu yetu, nilimwomba Mungu jambo moja tu: huyu aione alasiri.

Mchana sikumwonyesha mtu hofu hiyo. Nilikuwa na kanuni. Kwenye kituo cha nyuma mke wa ofisa mmoja wa Kizungu alitukusanya wake wa makarani, akatunywesha chai, akatuambia kwamba mwanamke anayehamahama na mume wake ni lazima ajifunze kuwa na furaha popote atakapotuliwa. Nikayaandika kwenye daftari. Tunduma nikawakusanya na mie wenzangu: mke wa mganga wa zahanati, ambaye alikuwa msichana aliyeolewa juzijuzi, na mke wa sajini wa polisi, mtu mzima asiye na maneno mengi. Kila Jumamosi tulikunywa chai kwangu, na kabla ya kunywa kila mmoja alitakiwa aseme jambo moja jema la wiki. Kulalamika marufuku. Mke wa sajini kila wiki alisema jambo lilelile, kwamba paa lao bado lipo. Nilimwona hana moyo wa kibalozi.

Sasa niwaambie habari ya vikapu.

Siku ya pili baada ya kufika, wanawake wa pale walikuja kunikaribisha. Walikuwa saba au wanane, Wanamwanga, wakiongozwa na jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mama mmoja mjane, mrefu, mwenye sauti nzito. Dada yake kaolewa upande wa pili wa mpaka, na yeye alikuwa akivuka kwenda kumwona kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Walichuchumaa mlangoni, wakapiga makofi taratibu kwa kunisalimu, kila mmoja akatua kikapu chake: unga wa ulezi, maharage, karanga, uyoga uliokaushwa. Wakaondoka bila kukaa sana.

Kwetu Muheza chombo cha mtu hakilali kwako, na hakirudi kitupu. Mama yangu alinifunza hivyo kwa mdomo na kwa mwiko. Basi siku ileile nikamimina vyote, nikavipangusa vile vikapu, nikavijaza mchele na chumvi, na kabla jua halijazama nikavaa viatu na kuvizungusha nyumba kwa nyumba mwenyewe, tumbo mbele. Yule jirani alipokea cha kwake, akakitazama, akanitazama, akasema asante kwa sauti ndogo isiyolingana na kimo chake. Nikajua nimemduwaza kwa ustaarabu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa hata kilemba kilinibana.

Wiki iliyofuata jirani alileta tena maharage. Nikarudisha jioni ileile, na sukari juu yake. Akaleta mara ya tatu, maboga, na safari hii alisimama mlangoni muda mrefu, kana kwamba anangoja niseme kitu. Sikusema. Nilitabasamu tabasamu langu la kiserikali. Jioni kikapu kikarudi kwake kimejaa mchele.

Baada ya hapo hakuja mtu. Hakuna kikapu, hakuna hodi, hakuna hata mtoto wa kuomba kaa la moto. Nikipita njiani wananisalimu vizuri kabisa, lakini kwa mbali, kisha wanaendelea na shughuli zao. Mume wangu aliuliza, "Mbona nyumba imekuwa kimya hivi?"

"Ndiyo heshima, Bwana," nikamjibu. "Mke wa balozi haingiliwi ovyo."

Na jamani, nilimwandikia mama barua. Niliandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: Huku wananiheshimu sana, hata hawanisogelei.

Miezi ikaenda. Baridi ya Juni ikaja na ule upepo wake wa vumbi unaoingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Mchana nilikaa peke yangu nikishona nguo ndogondogo, halafu nazificha chini ya godoro nisije nikazitia mkosi. Jumamosi nikasema jambo langu jema la wiki. Siku nyingine nililia jikoni, nikanawa uso, nikaandika kwenye daftari kwamba nimefurahi.

Uchungu ulinishika asubuhi moja, wiki tatu kabla ya hesabu yangu. Mume wangu alikuwa ng'ambo kwenye kikao cha ng'ombe. Mganga alikuwa amekwenda Saza kuwachanja watu wa machimboni. Mke wa sajini alikuwa amepanda lori kwenda Mbeya. Akabaki mke wa mganga, yule msichana, aliyekuja mbio niliposimama uani na kumwita. Alipoyaona maji miguuni kwangu alipiga yowe. Akanishika mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Dada, tuseme jambo moja jema la wiki."

Mungu anisamehe, nilimtukana. Tusi la Muheza, la sokoni, ambalo sikujua kama bado ninalo. Kisha nikamtuma ng'ambo akamwite mume wangu, kumwondoa tu machoni pangu.

Nikabaki peke yangu na maumivu yale, na ndani ya maumivu nikamwona yule mtoto wangu wa alfajiri. Hapo ubalozi wote ulinitoka. Niliokota beseni langu la bati, jeupe lenye maua mekundu, kitu pekee cha fahari nilichotoka nacho kwa mama, kwa kuwa nilijua mzazi anahitaji beseni na sikuwa na akili ya kujua kingine. Nikavuka njia pekupeku, nimeshika ukuta, nimeshika ua wa mabua, nimeshika hewa, mpaka mlangoni kwa jirani.

"Hodi! Hodi, mama!"

Alikuwa anapepeta ulezi. Hakuinuka. "Mama karani," akasema, "umepotea njia?"

"Uchungu umenishika, mama. Naomba unisaidie."

Hakuniangalia mie, aliangalia beseni. "Na hilo umeniletea nini ndani yake?"

"Hamna kitu. Ni tupu. Sina cha kutia."

"Tupu?"

"Tupu, mama!"

"Utaniachia?"

"Nikuachie, ulivunje, ulifanye chungu cha kuku, chochote! Mie wawili wamekwisha kufa. Huyu naye atakufa hapa mlangoni kwako, na wewe unaniuliza habari ya beseni!"

Akainuka mara moja. Alilichukua lile beseni, akaliweka ndani kabisa, nyuma ya mtungi wake, kisha akanishika kiunoni kwa mikono yenye nguvu ajabu. "Haya, mukwai," akasema, kwa lile neno la heshima la watu wa mpakani. "Leo ndiyo umeanza kuongea kama mtu."

Akapaza sauti nje, na ile sauti yake nzito ikafika kila nyumba. Wanawake wakaja. Wale wale wa vikapu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja akachochea moto, mwingine akatandika mkeka, mwingine akakaa nyuma yangu nikamwegemea. Na jirani yangu, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, akanifundisha adabu za nchi.

"Huku," akasema, akinikanda mgongo, "mtu akikuletea kikapu, unakaa nacho. Kinakaa hata mwezi. Atakuja kukiulizia, mtakaa, mtaongea. Au wewe utakipeleka siku ukikumbuka, na kidogo ndani. Ndiyo ujirani. Kikirudi kimejaa siku hiyohiyo, ni kwamba mmemalizana. Posa ikivunjika, ndivyo wazazi wa binti wanavyofanya. Vikapu vya mchumba vinajazwa, vinarudishwa kabla jua halijazama, asiwe na neno la kurudia."

"Ina maana mie..."

"Wewe ulituacha wote siku ya pili. Mie umeniacha mara tatu! Nilijiuliza nimemkosea nini huyu mwanamke. Tukaketi, tukaongea. Tukasema labda watu wa serikali hawataki watu. Basi, tukakuheshimu."

Jamani! Nilicheka. Nimelala pale, jasho linanitiririka, roho iko kooni, nacheka mpaka yule wa nyuma yangu akacheka, na wote wakaanza, jirani akashika nguzo ya nyumba. Mwakilishi wa Tanganyika aliyevunja uchumba na kijiji kizima, kwa tabasamu, na kwa mchele wa mume wake! Kisha uchungu ukaja tena, na kicheko kikageuka ukelele.

Mtoto alizaliwa jua likiwa bado la asubuhi. Msichana. Hakulia. Nikasikia moto unavyolia. Jirani akamfuta mdomo kwa kidole, akamgeuza, akampuliza, akampiga kidogo. "Lia, mama," akamwambia. "Lia, tukusikie." Mie nilikuwa nimefumba macho. Nilijua. Nilishajua toka zamani.

Akalia. Sauti ndogo, kali, ya hasira. Sijapata kusikia kitu kizuri kama hicho, na ninaposema hivyo siandiki kwenye daftari.

Lakini sikutulia. Niliwaambia wote wakae wasinene, nikamweka kifuani, nikawa naangalia kivuli cha mwimo wa mlango pale chini. Kivuli kikafupika, kikafupika. Jirani alinitazama, akaelewa bila kuambiwa. Akaja kukaa kando yangu, akanishika mguu, tukaangalia pamoja. Jua la utosi likafika. Mtoto alikuwa ananyonya. Kivuli kikaanza kurefuka upande wa pili, na bado alikuwa ananyonya, kwa pupa, bila adabu yoyote.

Mume wangu alifika mbio alasiri, kofia hana, amefuatana na karani mwenzake wa ng'ambo ambaye naye alikimbia bila kujua anakimbilia nini. Kikao cha ng'ombe walikiacha kama kilivyo. Akachungulia, akaona mke wake kalala nyumba ya jirani katikati ya wanawake sita, pekupeku, mdomo wazi, analia kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

"Hujambo?" akauliza, maskini.

"Tumerudiana," nikamwambia. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza.

Tulikaa Tunduma miaka miwili zaidi. Daftari nililitumia kuwashia moto wa jikoni. Chai ya Jumamosi iliendelea, ila walikuja wote, na kulalamika kukaruhusiwa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba mke wa sajini anajua kuongea: alilalamika saa mbili mfululizo, tukampenda. Nyumbani kwangu palijaa vikapu vya watu mpaka mume wangu akawa anavikanyaga. Na kila alipouliza liko wapi lile beseni la maua, nilimwambia lipo.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Asubuhi ya kuondoka, lori linanguruma, mume wangu amesimama na orodha yake ya vyombo anahakiki kimoja kimoja, jirani alivuka njia. Alikuwa na kikapu cha unga wa ulezi kichwani. Akakitua mbele yangu, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama siku ile ya kwanza. Sikuweza kutabasamu. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya dereva na serikali nzima, nikakipokea kwa mikono miwili nikilia.

"Mwagia unga huo kwenye gunia umrudishie kikapu chake," mume wangu akasema. "Upesi, dereva anangoja. Na beseni letu silioni hapa."

"Kikapu sirudishi," nikasema. "Na beseni liko kwake. Usithubutu kulifuata."

Yeye, msuluhishi wa mipaka, akaitazama orodha yake. Akachukua penseli akalikata beseni kwenye orodha.

Nilipanda lori na kikapu mapajani. Jirani alisimama njiani mpaka tukakata kona, na hakunyoosha mkono kuaga. Binti yangu alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye unga, anajipaka usoni.