Kanda Iliyotunzwa Kwenye Maharage

Kama na wewe uliwahi kulipia picha kwa kikombe cha maharage, basi tulikaa gogo moja, na haya nakuandikia wewe.

Enzi zetu pale Endasak, mkoa wetu ukiwa bado Arusha, kabla haujakatwa ukaitwa Manyara, video haikuwa kitu cha kila siku. Ilikuja na mnada. Katikati ya mitumba, masufuria, chumvi ya ng'ombe na dawa za kuogeshea mifugo, ilipanda kutoka Katesh jenereta ya Mzee Ramadhani, televisheni iliyoviringishwa kwenye godoro, na deki aliyoipakata mwenyewe mapajani kama mtoto mchanga. Wazazi walisema biashara zimefunguliwa, sasa kila kitu kitatufikia. Sisi watoto tulielewa kwamba kilichofunguliwa ni ile deki.

Kibanda kilikuwa turubai juu ya miti. Tulikiita kibanda umiza, na kilituumiza kweli: magogo yasiyochongwa, moshi wa jenereta, jasho la masweta ambayo hakuna aliyethubutu kuyavua kwa baridi ile ya mlimani. Wafugaji wa kijiji cha Gendabi walikaa nyuma na fimbo zao, wakulima katikati, na sisi chini kabisa mbele, shingo zimepinda kama kuku anayekunywa maji. Mlangoni alikaa Mama Zainabu, mke wa Mzee Ramadhani, akipokea kiingilio. Asiye na hela alileta maharage au yai. Yai alilitikisa kwanza sikioni.

"Hili limeoza. Rudi kwa kuku wako umwambie Mama Zainabu amekataa."

Siku hizi namwona mtoto wa kaka yangu anaangalia picha kwenye simu, na wimbo ukianza anauruka. Anauruka! Sisi wimbo wa Kihindi tuliufuata kwa miguu kutoka vitongoji vya mbali, tukauimba wiki nzima machungani kwa maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote duniani, na bado tulipigana kwa sababu mwenzako amekosea neno.

Mtafsiri wetu alikuwa baba mdogo Bura, mdogo wake baba, aliyezunguka minadani na Mzee Ramadhani. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akigeuza kila kitu kuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kikatoka na mlio wa Kiiraqw cha kwetu. Kihindi hakukijua. Lakini kwake steringi, yaani shujaa wa picha, akipanda treni alikuwa anakwenda Babati kutafuta kazi, na adui akicheka, baba mdogo alisema, "Mnamwona? Anacheka kama dalali aliyeshamuuza ng'ombe wako." Watu walilia kwa kucheka. Nadhani wengi walikuja kumsikiliza yeye, picha ikawa nyongeza.

Mwaka mmoja mama alilazwa hospitali. Alikuwa na uvimbe tumboni, lakini hilo nililijua nikiwa mkubwa. Wakati ule nilichojua ni kwamba baba amehamia huko kumuuguza, sisi tumeachwa na bibi, na kila nikiingia jikoni watu wazima wananyamaza. Hakuna aliyeniambia kitu. Nikaanza kupanga vikombe. Nilijiambia kwamba vikombe vyote vikikaa rafuni mikono yake ikielekea mlangoni, mama atarudi. Usiku nilikuwa naamka kuhakikisha. Bibi alidhani naiba sukari, akanichapa, na mimi nikaona heri fimbo kuliko kumwambia nilichokuwa nafanya. Nasema wazi kwamba ugonjwa ule wa kuhakikisha haujanitoka mpaka leo. Umehama tu kutoka kwenye vikombe.

Siku ya mnada bibi alichoka kuniona nimenuna, akanipa kikombe cha maharage niende kibandani. Picha ilikuwa mpya, haijawahi kuonyeshwa kwetu. Jina lake hatukuweza kulitamka, tukaiita picha ya mama mwenye ng'ombe mweupe. Ni kijana aliyeondoka kijijini akamwacha mama yake na ng'ombe mmoja, akapata mali mjini, akarudi amechelewa. Wafugaji waliipenda tangu mwanzo kwa sababu ya ng'ombe. "Nundu hiyo!" walisema. "Tazama nundu hiyo!"

Kisha yule mama akawa kitandani. Mwanaye amemshika mkono. Macho ya mama yakafumba taratibu na muziki ukashuka. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kunyamaza hata wakati wa nyimbo, alinyamaza. Jenereta ikasikika peke yake. Halafu kipaza sauti kikakoroma.

"Mama amelala, ndugu zangu. Dawa imemshika. Daktari anasema asisumbuliwe."

Picha ikaendelea. Watu wamevaa nyeupe, wamebeba kitu mabegani, wanapanga kuni. Kijana akapewa mwenge. Moto ukawaka mkubwa.

"Sasa hapo wamekwenda shamba," baba mdogo akasema. "Mvua zimekaribia, wanachoma mabua."

Mzee mmoja wa Gendabi akauliza kutoka nyuma, "Mbona wanalia?"

"Moshi, babu."

"Moshi wa mabua ndio uwalize hivyo wanaume wazima?"

"Babu, mabua ya kwao ni mabichi."

Watu wakacheka. Nilimsikia mzee akivuta pumzi ya kubisha. Kisha akasema polepole, "Kweli. Mabichi yana moshi mbaya."

Mimi niliamini. Kwetu mtu akifa anazikwa, Mkristo au Mwislamu. Sikuwahi kusikia kwamba mahali popote mtu anachomwa. Mabua yanayochomwa nilikuwa nayaona kila mwaka. Mwishoni kijana anatembea peke yake na yule ng'ombe, na baba mdogo akasema anampelekea mama maziwa. Nilirudi nyumbani, nikala makande ya bibi nikaomba tena, na usiku ule sikuamka. Baada ya majuma kadhaa mama alishuka kwenye gari la mizigo, amekonda, mkono mmoja tumboni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza nani amevipanga vikombe vyake kijeshi namna ile.

Miaka ikaenda. Mkoa ukawa Manyara, deki za CD zikaingia, vibanda vikanunua madishi, na kanda zikawa takataka. Hapo ndipo mimi nikaanza kuzikusanya. Sikufundishwa na mtu. Kufungua kanda, kuhamishia utepe kwenye kasha zima, kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, yote nilijifunza kwa kuharibu. Naishi Mbulu mjini, chumba kimoja, na ukungu wa Mbulu ni adui wa kanda kuliko panya. Kila asubuhi nazinusa. Nikisikia harufu ya uvundo siwezi kunywa chai mpaka niipate kanda iliyoanza kuota ukungu. Nilitaka matoleo halisi tu: jalada lenye picha yake, utepe usio na mkunjo, kanda ambazo waliozitengeneza wameshaacha kuzitengeneza. Za kunakili, zile nyeusi zenye karatasi ya kuandikwa kwa mkono, nilizidharau.

Siku moja nikaipata Arusha, kwenye duka la kukodisha mikanda lililokuwa linafungwa, ile ya mama mwenye ng'ombe mweupe. Toleo halisi, safi kabisa, lenye maandishi ya Kiingereza chini. Niliiangalia na kamusi mapajani. Mama anakufa. Kijana anamchoma. Wanalia kwa sababu amekufa.

Hapo pakazaliwa swali lililoniondolea usingizi upya. Je, baba mdogo alijua? Au alikuwa haelewi, akaona moto akasema mabua kama alivyosema Babati? Utaniambia kuna tofauti gani, mama alipona. Kwangu ilikuwa tofauti kubwa mno. Miaka yote nilijiona mtoto aliyeachwa peke yake na hofu yake, asiyeonwa na mtu. Kama baba mdogo alijua, basi palikuwa na mtu mzima mmoja aliyeniona.

Nilimwuliza. Siku hizi ananunua na kuuza maharage palepale Endasak.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mama."

"Ile picha ya ng'ombe mweupe. Ulijua kwamba yule mama alikufa?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia midomo tu. Mdomo ukifunguka, na mimi nafungua."

Nikamwuliza tena Krismasi. "Kwani hakupona?" akasema, akaenda kuchinja mbuzi.

Iliyobaki ilikuwa njia moja. Mahali ambapo baba mdogo hakuweza kufika, Mzee Ramadhani alipeleka kanda za kunakili zenye sauti ya huyo mtafsiri wetu, zimerekodiwa Katesh. Ya picha ile ilikwenda Dongobesh. Kwa hiyo mimi niliyezidharau kanda zile nikaanza kuitafuta moja kati yake kama mwenye homa. Na hofu yangu ilikuwa mashambani. Unakumbuka kanda iliyotafunwa na deki ilikoishia: utepe ulitolewa ukafungwa kwenye miti juu ya mtama na ngano, ukimetameta na kuvuma ili ndege wasishuke. Kila nilipopita kwenye basi nikaona utepe unametameta shambani, nilijiambia, ndiyo ile, inafukuza ndege. Mara moja nilimwomba dereva asimame. Abiria walinitukana vya kutosha.

Aliyekuwa nayo alikuwa Mama Zuhura, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa na kibanda Dongobesh. Alinisikiliza, akaingia stoo, akatoka na gunia dogo la maharage. Akachimba kwa mkono, akatoa kanda nyeusi imejaa majivu.

"Marehemu alisema nizitunze," alisema. "Na mimi kitu cha kutunza nakiweka na maharage na majivu, kisiingiwe na wadudu. Zile nilizoacha kabatini zote zimeota ukungu."

Nilitaka kulia. Majivu ndani ya kanda! Chembe moja inakwaruza picha mpaka mwisho wa dunia. Lakini utepe ulikuwa mkavu, hauna hata doa la ukungu. Niliifungua mezani kwangu, nikaifuta kidogo kidogo kwa brashi ya rangi, na ilipokuwa tayari sikuthubutu kuichezesha. Nilijua deki inaweza kuitafuna mara ya kwanza tu. Na nilijua inaweza kucheza vizuri na kunipa jibu nisilolitaka. Ikakaa rafuni. Nikawa nainusa tu.

Mwishowe mama alikuja Mbulu kupimwa macho, akaiona, akasema, "Si uiweke tuangalie, au unafuga?" Nikaiweka.

Chenga tupu kwenye kioo. Halafu picha, halafu sauti ya baba mdogo akiwa kijana: "Wapenzi wa Dongobesh, karibuni. Mimi keshokutwa napanda Endasak mnadani, kwa hiyo leo nasema nanyi kwa kanda." Keshokutwa. Alirekodi kabla hajafika kwetu. Nilimshika mama mkono bila kujua. Tukafika kitandani. Macho yakafumba. Na baba mdogo akasema, bila kusita hata kidogo:

"Hapo mama wa steringi amefariki dunia, ndugu zangu. Amemsubiri mwanaye mpaka mwisho. Wenzetu hawa hawaziki, wanachoma. Mwenye kofia avue."

Nilisimamisha deki. Mama akauliza nina nini. Nikamweleza yote: vikombe, mabua mabichi, mzee wa Gendabi. Alijifuta macho kwa kitambaa, sijui kwa sababu ya dawa ya macho au la.

"Kumbe," alisema. "Bura alikuja hospitali baada ya mnada ule. Mimi hata kichwa siwezi kuinua. Akasimama pale mlangoni akaniambia, 'Shemeji, jitahidi upone. Nimeshasema uongo mbele ya watu wote, usiniaibishe.' Nikadhani amelewa."

Nilimpigia baba mdogo palepale. Nikamwomba aje Mbulu, tuiangalie pamoja. "Nije mpaka huko kwa picha?" alisema. "Si unirushie kwenye simu?" Hata yeye.

Kanda ile nimeirudisha rafuni na nimeshaogopa tena: siku deki yangu ya mwisho ikifa nitaichezesha na nini? Vijana wananicheka. Wananiambia picha hiyo ipo, safi, na maandishi yake yametafsiriwa neno kwa neno. Najua. Ninalo hilo toleo. Nalichezesha peke yangu, mlango nimefunga, kama wao walivyo peke yao na simu zao, na kila neno ni sahihi. Enzi zetu aliyeshika kipaza sauti alitazama kwanza ni nani amekaa mbele, ndipo akageukia picha.