Siku Mwari Alipokwenda Shoo

Enzi za utoto wetu pale Madungu, Pemba, gari la matangazo ulilisikia muda mrefu kabla hujaliona. Zilianza ngoma kule chini, dum, dum, zikapanda kilima taratibu kama mtu mnene, mpaka bati la jiko la Bibi likaanza kutetemeka. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, na mwangwi ukaigawa vipande vipande, ikawa husikii ila mikia ya maneno. Tukatoka mbio miguu mitupu, tukabishana njiani. Mmoja akasema ni chanjo, mwingine akasema ni mambo ya uchaguzi, mimi nikasema labda kuna mtoto kapotea. Gari lilipochomoza kwenye kona, na maspika yake mawili yamefungwa kwa kamba za minazi, tukakuta sote tumekosea. Mwimbaji kutoka Dar es Salaam, yule ambaye kila redio ya mjini Chake ilikuwa ikimwimba, anakuja Idi pili. Alasiri ni kwa kinamama na watoto, usiku ni kwa wanaume.

Nyinyi wa rika langu mtaelewa uzito wa habari ile. Kijana wa leo anamtia msanii mfukoni pamoja na funguo zake, akimchoka anamzima. Sisi msanii tulikuwa tunamjua kwa sauti tu. Sura yake ilikuwa ni ile ya karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa gari, miwani myeusi na meno mengi, na karatasi yenyewe mvua ilikuwa imeshaiparura shavu moja.

Filamu nazo tulizipata kwa njia zetu. Banda la video lilikuwa la wavulana. Walikaa humo kwenye magogo, wakatoka jioni wanapigana mateke ya hewani mpaka mama zao wawashike masikio. Sisi wasichana tulikuwa na sebule ya jirani yetu, aliyekuwa na televisheni na deki, na kila Alkhamisi chuo cha Kurani kikifungwa tulijipanga kwenye mkeka wake kutazama filamu za Kihindi. Mfasiri wetu alikuwa khaloo Zuwena, mdogo wake mama, msichana wa miaka ishirini hivi, mwenye mwanya na kicheko kinachoanza puani. Alikaa mbele kabisa, ubuyu mkononi, akatufasiria bila kusita.

"Huyu mzee anamwambia mwanawe, ukimuoa huyo, katika karafuu zangu hupati hata kijiti cha konyo."

Tukaguna kwa uchungu. Nilikua nikiamini kwamba Uhindi nzima inagombana kwa mashamba ya karafuu. Miaka mingi baadaye nilikutana na filamu ile ile, safari hii imefasiriwa na mtu anayekijua Kihindi, nikagundua kwamba yule mzee hakuwa baba wa mtu. Alikuwa dereva wao, na alichokuwa anasema ni kwamba gari halina mafuta. Nilizima televisheni. Mpaka leo sijui hadithi niliyoililia utotoni ilikuwa ya nani, na kila nikijaribu kuikumbuka ile ya kweli, inakuja ile ya Zuwena.

Sasa, wakati gari la matangazo linapita, Zuwena alikuwa mwari. Amechumbiwa na kijana wa Mgogoni, harusi ni Ijumaa ya wiki ile ile ya Idi, na kama ilivyo desturi yetu alikuwa ndani, hatoki hata uani jua likiwa juu. Kila asubuhi alikuja somo wake, mama mmoja mpole aliyepewa kazi ya kumfunda, akamsugua singo mwili mzima: liwa, mawaridi, asumini, langilangi, karafuu kidogo, vyote vimefinyangwa kwa marashi. Nyumba nzima ilinukia. Hata maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya harusi.

Nilipoingia chumbani kwake nilimkuta amesimama kando ya dirisha, uso wa manjano kwa singo, sikio kwenye ubao.

"Weye, kasema lini yule?"

"Idi pili, khaloo."

"Mchana?"

"Alasiri. Kinamama na watoto."

Nikaona macho yake yanafanya safari.

"Mwari hatoki," nikamkumbusha.

"Kakwambia nani?"

"Bibi."

"Bibi nae hajawahi kumpenda ntu wa redioni."

"Kwani humtaki bwana harusi?"

"Namtaka, wallahi namtaka! Lakini huyu nae nataka nimuone kwa macho, mara moja tu. Nikishafika Mgogoni nikawa mke wa ntu, nani atanileta shoo?"

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika. Katika filamu zote alizotufasiria, mtu alitaka mmoja, akamlilia huyo huyo mpaka mwisho.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mama yake bwana harusi, Bi Salama, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito ya kuvuta maneno, na kwa ukali alijulikana vijiji vitatu. Alishawahi kuvunja posa ya mwanawe mkubwa kwa sababu mchumba alionekana anacheka kwa sauti kituoni. Siku alipokuja kumposa Zuwena, kabla hata hajaketi vizuri, aliuliza, "Huyu ntoto wa ndani, au ni wale wa barabarani?" Bibi yangu, Bi Time, akajinyoosha akajibu, "Huyu wangu hata jua analisikia kwa jina." Neno hilo ndilo lililobeba posa yote. Mwari akionekana nje, harusi ingevunjika, na Bibi angekuwa mwongo mbele ya watu.

Idi pili ilifika. Asubuhi somo akamsugua Zuwena singo, akaenda zake. Adhuhuri Bibi akajifunga kanga, akatoka kwenda Wawi kutembelea jamaa. Alipopotea tu, Zuwena akafungua sanduku, akatoa buibui kuukuu la Bibi, akavaa nikabu, akavaa soksi mikononi kuficha hina. Yakabaki macho mawili.

"Twende. Na usiniite khaloo njiani."

"Nikwiteje?"

"Usiniite kabisa."

Uwanja ulikuwa umezungushiwa maturubai. Ndani, wanawake weusi tii kwa mabuibui yao, watoto na miwani ya plastiki na puto, urojo unauzwa, barafu za mabungo zinayeyuka mikononi, spika zinanguruma mpaka tumbo linajibu. Tukajipenyeza mpaka karibu na jukwaa. Hakuna aliyetutazama. Nani atamjua nani, nikabu kwa nikabu? Nilianza kupumua.

Tulichosahau ni joto. Jua la alasiri lilikuwa kali, watu wamebanana, na ndani ya buibui singo ikaamka. Kwanza ikaja langilangi, halafu waridi, halafu ikaja yenyewe nzima, ile harufu ambayo kila mwanamke wa Pemba anaijua kwa sababu ilishawahi kuwa yake. Vichwa vikaanza kugeuka.

"Pana mwari hapa!"

"Mwari wapi, kwenye muziki?"

"Nusa weye! Langilangi hilo la bure?"

"Labda kaja kumuaga wa zamani!"

Wakacheka, wakapigana mabega. Wengine wakaanza kunusana mmoja mmoja kama wanaochagua maembe. Zuwena alinibana vidole mpaka vikafa ganzi. Hakusogea.

Kilichotuokoa ni mwimbaji, maana alitoka wakati ule ule na uwanja mzima ukapiga ukelele. Alikuwa mfupi kuliko karatasi yake. Akaruka, akapunga mkono, akachukua taulo akajifuta uso, na wakati anajifuta, sauti yake ikaendelea kuimba.

"Mbona kafunga mdomo na sauti inatoka?" nikauliza.

"Nyamaza," Zuwena akasema, macho yake yamejaa maji. "Anaimbia moyoni."

Nikakubali. Nani alikuwa amenifundisha kukataa tafsiri zake?

Pembeni yetu alisimama mwanamke mrefu, naye na nikabu yake, aliyekuwa anaimba nyimbo zote, maneno yote, hata yale ambayo watu wazima huyaruka kwa kukohoa. Alikuwa na furaha mpaka nikampenda. Kiitikio kilipokwisha akageuka, akainama hadi bega la Zuwena, akavuta pumzi ndefu.

"Mwari wa nani weye?"

Sauti nzito, ya kuvuta maneno.

Sasa nieleweni. Sisi tulilelewa kwamba ukimtambua mkubwa wako, salamu hutoka kabla ya fikra. Ukiipitisha, kuna mtu nyuma yako mwenye kofi. Mdomo wangu haukungoja ruhusa yangu.

"Shikamoo, Bi Salama."

Naye, aliyelelewa vile vile, akaitikia papo hapo, "Marahaba, mwanangu."

Spika zinalia, watoto wanaruka, na sisi watatu tumesimama tumevuliwa nguo bila kuguswa. Yeye alikuwa amewaambia watu wa Mgogoni kwamba siku ile yuko kwenye maulidi. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Mimi wakati ule nilijua moja tu, kwamba harusi nimeivunja kwa adabu.

Nikamvuta Zuwena tuondoke. Akakataa. "Tukikimbia ndio tumekiri," akaninong'oneza. Bi Salama naye hakukimbia. Alitazama mbele, amenyooka kama nguzo, na wimbo uliofuata ulipofika kwenye kiitikio, nikamsikia anaanza tena kuimba, safari hii kwa sauti ya chini. Zuwena akaimba pia. Waliimba bega kwa bega bila kutazamana. Niliwaangalia, huyu na huyu, nikashindwa kujua kama naona ugomvi au harusi.

Tulirudi kabla ya Bibi. Zuwena alijiosha, akalala kifudifudi. "Kesho wataleta neno," akasema. "Na liwe lolote. Nimemuona." Halafu akalia, nikashindwa kujua analilia nani.

Neno lilikuja asubuhi. "Hodi, wenyewe!" Bi Salama, na kanga mpya za mwari kwapani. Bibi akamkaribisha, akatandika mkeka, akaweka mkate wa kumimina na kahawa.

"Sauti imekukauka, Bi Salama," Bibi akasema.

"Maulidi, Bi Time. Jana tumesoma kutwa."

"Mashallah."

"Naomba nimuone mwari."

Zuwena akaitwa. Akaja, kanga imefunika kichwa, akakaa akitazama mkeka. Bi Salama akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akamtazama muda mrefu. Nikaona anachokiona. Pale nikabu ilipoacha nafasi ya macho palikuwa na utepe mwembamba uliopigwa na jua, kutoka sikio hadi sikio.

"Mbona mwari wetu kaiva hapa machoni?"

Nikafumba macho yangu.

"Kaiva?" Bibi akasema. "Kwa jua gani, na huyu hata jua analisikia kwa jina?"

"Basi litakuwa limeingia dirishani."

"Litakuwa." Bibi akaongeza kahawa kwenye kikombe cha mgeni. "Kunywa, Bi Salama, ikufungue koo. Maulidi yenu ya jana yalikuwa na vishindo. Hata huko Wawi nimeyasikia."

Nilifumbua macho. Bibi anajua! Tangu lini? Alimtazama mgeni wake, mgeni akamtazama, na kati yao kikapita kitu ambacho nimekitafuta kwenye uso wa kila mtu mzima tangu siku ile. Sijui kilikuwa msamaha, au ni watu wawili walioshikana makoo. Nimemuuliza Zuwena, ambaye sasa ana watoto watano huko Mgogoni na anaelewana na mkwewe kuliko na mumewe. Anacheka puani tu. Yule ambaye alinifasiria Kihindi asichokijua, hili la nyumbani kwetu amekataa kunifasiria.

Watoto wake wanashangaa kwamba mtu aliweza kwenda shoo na isibaki picha hata moja. Nami nawaonea huruma kidogo. Leo mwari akichungulia dirisha tu, kabla ya magharibi yuko kwenye simu ya kila jirani, na kila jirani ana la kusema. Shoo wanazitazama kupitia vioo vyao, mikono juu, na hakuna anayemnusa mwenzake. Siwezi kusema zetu zilikuwa bora. Uongo ulikuwa mwingi, na kufungiwa ndani hakukuwa pepo. Ila watu waliona jambo, wakalijua, wakaliacha likae pale kwenye mkeka baina ya mkate na kahawa, na maisha yakaendelea. Sijui ule ujuzi umekwenda wapi. Sijui hata kama ulikuwa ujuzi, au woga uliovaa vizuri.

Bi Salama alimaliza kahawa yake, akapangusa midomo, akasimama.

"Ijumaa, basi."

"Ijumaa, inshallah," Bibi akajibu. "Baada ya sala."

Zuwena akatoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu jana. Bi Salama akashusha nikabu, akapita mbele yangu, akasimama. Mkono wake ukanishika kichwa, mzito, sikujua unanibariki au unanionya.

"Weye una adabu sana," akasema. "Lakini si kila pahala pa kumwamkia ntu."

Akavaa viatu vyake kizingitini, akashuka ngazi akivumisha wimbo pole pole kwa koo lililokauka, na Bibi, kabla jirani yeyote hajausikia, akaufunga mlango nyuma yake.