Bendera Mpya na Jina la Shangazi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila niikumbukapo huinamisha uso. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana, na sisi hapa Mlingotini tukaletewa karatasi yenye mchoro wa bendera mpya. Kijana mwenye cherehani nilikuwa mimi, basi mwenyekiti wetu akanipa kazi: iwe tayari Ijumaa, ipandishwe baada ya swala.

Bendera ya zamani ilikuwa rahisi, milia iliyolala. Hii mpya, itazame vizuri, ina mkanda mweusi uliokwenda mshazari, kona hadi kona, wenye kingo za njano. Kijani juu, na chini buluu ya wenzetu wa Zanzibar. Na kitambaa kikikatwa mshazari, mwanangu, huvutika. Mimi sikulijua hilo. Aliyelijua ni shangazi yangu, Bi Mwanakombo, aliyekuwa akipata riziki yake kwa kofia alizoshona kwa mkono.

"Usikishone leo," akaniambia. "Kitundike kwanza, kivutike mpaka kichoke."

"Shangazi, hii ni bendera ya serikali, siyo kofia ya Idi."

"Haya, fundi. Lakini kitambaa hakijui serikali."

Nikacheka, nikashona. Ijumaa bendera ikapanda, upepo ukaikunjua, na ule mkanda ukajikunja kama utumbo wa kuku. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akanigeukia: "Nani kashona kitu hiki?"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema, "Mkanda kashona shangazi. Macho yake ndiyo hayo tena."

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama pale pale na wanawake wenzake. Akanitazama, kisha akasema taratibu, "Ndiyo, mwenyekiti. Uzee."

Jioni nikaenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. "Radhi nimekupa," alisema. "Bendera utaifumua, ushone upya. Na jina langu, utalishonea wapi?"

Nikashona upya kama alivyonielekeza, mkanda ukalala kama uliopigwa pasi. Nikasifiwa. Nikanyamaza. Watu nao wakaanza kupeleka kofia zao Bagamoyo mjini, maana nani amwachie kofia yake mzee asiyeona? Kila mwezi nilijiambia nitasema mwezi ujao. Nilikuja kusema matangani kwake. Waombolezaji wakaitikia, "Mungu amrehemu," wakaendelea na kahawa.

Sikuambii haya ili uogope kukosea. Kosea, mwanangu, mshono hufumuliwa. Hata kutomsikiliza mkubwa, ingawa ni ujinga, kuna dawa yake. Lakini kosa lako usimvike mwenzio. Na kama umeshamvika, nenda leo ukamvue, mbele ya wale wale waliokusikia, angali hai naye asikie. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea hadi ameota mvi.

Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi", akuepushe na ukweli unaochelewa, na wakubwa wako wakuache na radhi zao. Amina.