Dawa Iliyotaka Samli

Uso wangu ulikuwa ukitoa mafuta hata ami akanikataza kuzivaa kofia nyeupe. Ana duka Matrah, tunashona na kuuza kofia za kiua. Kofia moja hula wiki nyingi za sindano, na mimi nikiivaa kidogo tu ili mteja aione, ukingo wake unageuka rangi ya chai. Kazi nilikuwa naipenda. Sindano haikulazimishi kuzungumza na watu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza Idi ya Ramadhani, ami akaniambia, "Ikifika Idi ya Hija na bado unang'ara, nakupeleka ghalani ukapange maboksi. Kofia si chujio, bwana we."

Bibi aliyenilea akashika madaraka. Kwa fikra zake, mafuta yanayoingia mdomoni hutokea kwenye paji la uso. Akanikataza sambusa, akanikataza mkate wa kumimina, hata tui. Nikawa nala muhogo wa kuchemsha na samaki wa kuchemsha, na uso ukazidi kung'ara, labda kwa hasira.

Mwisho tukaenda hospitali. Daktari wa ngozi, Mmisri, akanipima damu, akaniandikia vidonge vikali ambavyo duka la dawa halikupi bila cheti chake. Akasema kwa Kiarabu kwamba kila kidonge nikimeze na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauipokei dawa sawasawa.

Bibi alihamia huku kwa Waarabu kutoka Unguja akiwa mtu mzima. Kiarabu chake ni cha kusalia na kununulia samaki.

"Kasemaje?"

"Kasema nile na mafuta."

"Daktari, au tumbo lako?"

"Wallahi, bibi."

"Usimtaje Mungu kwa ajili ya sambusa!"

Alikuwa na haki. Mwaka wa nyuma nilimtafsiria kwamba daktari wa meno ameniagiza halua.

Basi vidonge nikavimeza na muhogo. Wiki zikapita. Kila asubuhi ami alinigusa paji la uso kwa kidole, akakiinua juani. "Hii tungekaangia kitunguu." Mimi nikiinamia sindano tu, huku nikiyaona yale maboksi.

Siku ya kurudi kwa daktari, bibi alisema leo atauliza mwenyewe. Akamwonyesha daktari uso wangu, kisha mdomo wangu, akapaza sauti kama anayeuza samli na mafuta: "Samni? Zeti? Huyu?"

"Naam, naam," daktari akajibu kwa furaha.

Bibi akanigeukia. "Umempa nini huyu?"

Nesi mmoja, mama wa Kikenya, alikuwa akinifunga pamba mkononi baada ya kunitoa damu. Akacheka. "Nyanya, ni ukweli. Hii dawa inataka mafuta ndio iingie mwilini. Akikula muhogo mkavu, inapita tu."

"Na wewe kakutuma?"

"Mimi hata simjui, nyanya. Haongei."

Hilo ndilo lililomwaminisha bibi. Mtu asiyefungua mdomo hawezi kupanga njama na mataifa mawili.

Tangu siku ile nikalishwa kama bwana harusi. Kidonge kikija na samli, kikija na sambusa nilizofungiwa kwenda nazo dukani. Midomo ikanikauka ikapasuka, pua ikachunika, na paji la uso likawa kavu kama karatasi.

Idi ikakaribia, duka likajaa. Mteja mmoja akataka kuona kofia nyeupe ikiwa kichwani. Ami akanitazama, akashusha pumzi, akanitupia. Niliivaa, nikaiweka sawa kwa vidole, nikaivua.

Ami akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ndani ya ukingo, peupe. Akaigeuza. Nje, ubavuni, palikuwa na alama tatu za mafuta, na moja ya dole gumba.

Akainusa. "Bizari," akasema.

Nikaanza kukusanya nyuzi zangu.

"Unakwenda wapi? Uso umepona. Umebaki mkono," akasema, akanisukumia kipande cha sabuni. Kofia ile akanivika mwenyewe. "Hii nshakuuzia wewe. Kaa hapa mbele wakuone, na usishike kitu."