Rota Iliyonyolewa

Mtaani walimwita Fundi Sumaku, naye aliitika kwa madaha utadhani ni cheo. Kazi yake ilikuwa kufufua mota. Kazi yake ya pili, isiyo na likizo, ilikuwa kuzieleza. Ukikaa kwenye benchi lake, umekwisha.

"Hii ndiyo rota," angekuambia, akipapasa pande la chuma lenye shafti, ule mhimili wa katikati. "Haina waya hata mmoja. Waya zote ziko kwenye ganda la nje. Ukiwasha umeme, nguvu ya sumaku inazunguka mle ndani, na rota inaikimbiza. Lakini haiifikii ng'o! Ikiifikia tu, haina cha kuivuta tena. Na kati ya rota na ganda kuna upenyo mwembamba kama karatasi. Huo ukipanuka, sumaku haifiki kwenye rota. Usiuguse, hata ukiwa mlevi."

Mkewe, aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka chumba cha pili, alikwishayasikia hayo mpaka masikio yakaota sugu.

Mota ya mashine hiyo ilipoanza kukwaruza, beringi zinazoishikilia shafti zilikuwa zimelegea na rota inagusa ganda. Beringi mpya zilihitaji safari ya mjini. Fundi, kwa uvivu wake, akachukua tupa akainyoa rota pande zote. Mikwaruzo ikaisha. Nguvu nazo zikaisha. Kesho yake mota ikanguruma, ikapata moto, na mahindi yakabaki mazima.

"Umeme ni mdogo leo," akawatangazia wateja. Wakabeba ndoo zao wakahamia kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akisaga kwa umeme huohuo. Fundi alitamani ardhi immeze. Wakishazoea kule hawarudi, na mashine ile ndiyo fahari ya mkewe.

Jioni mkewe akaja na suruali ya mumewe ya jana. Akakung'uta pindo. Chenga za chuma zikamwagika sakafuni.

"Baba watoto, umegusa upenyo."

"Umejua saa ngapi?"

"Asubuhi, nilipotaka kufua. Nilikuwa nangoja nione utausingizia umeme mpaka lini."

Fundi akafungua mota ya mashine yake ya kutobolea chuma, pacha wa ile, akaing'oa rota na beringi zake, akazifunga kwenye mota ya mkewe. Wateja walirudi. Yeye sasa anatoboa vyuma kwa mkono, jasho linamtiririka.

Rota iliyonyolewa sasa inazuia mlango wa chumba cha kusagia usijifunge. Mteja akiuliza ni kitu gani, mkewe huacha kazi, akaita kwa sauti: "Baba watoto! Njoo ueleze!"