Ubao wa Yadviha na Sayari Iliyofutika

Soko la mtoni halijachangamka, na Yadviha Kazimirovna tayari amepiga magoti kwenye saruji ya baridi, chaki mkononi, mbele ya kibanda chake cha vitabu vikuukuu. Leo ni Jumatatu. Anageuka kutazama nyuma, anarudi kwenye ubao, kisha anageuka tena.

Yadviha ana miaka sitini na minane. Anauza riwaya za zamani za sayari na vyombo vya angani, zile zilizosomwa hadi majalada yakalegea. Kila asubuhi huchagua humo sentensi moja, na kuiandika ubaoni, na chini yake jina la sayari mambo hayo yalikotokea. Siku mbaya huuza vitabu viwili. Siku njema hufika kumi.

"Sentensi ndiyo inayouza," anasema. "Lakini sayari ndiyo inayonilinda. Wakiniuliza nasema, jamani, si hapa. Ni huko juu."

Watu wa mji huu wamezoea hivyo tangu enzi za wazazi wao. Mtu anasimama, anasoma, hacheki. Ananunua kitabu, anakitia ndani ya koti, anakwenda zake. Mambo ya hapa yanasemwa kuwa ni ya huko juu, na kila mtu anaelewa.

Wiki iliyopita aliandika: "Mtawala aliogopa usingizi wa watu, maana hakujua wanaota nini." Chini yake: Sayari ya Tirma.

Kisha akaenda kunywa chai kwa Raisa, muuza matango ya chumvi wa kibanda cha pili. Manyunyu yakaanza. Turubai la Yadviha linavuja upande mmoja, na maji yakadondokea mstari wa chini. Aliporudi, Tirma ilikuwa imebaki mchirizi mweupe tu. Mbele ya ubao alisimama askari kijana, akisoma.

"Bibi, huyu mtawala ni nani?"

"Ni wa Tirma, mwanangu."

"Tirma iko wapi? Mimi siioni hapa."

"Imenyeshewa."

Raisa akadakia, mdomo umejaa mkate: "Afande, kama unamjua mwingine anayeogopa usingizi wa watu, si ututajie."

Hakuna aliyecheka. Raisa mwenyewe aliacha kutafuna.

Askari akafuta sentensi kwa kiganja. "Jumatatu napita tena. Nikikuta maneno ya namna hii, kibanda kinafungwa, na wewe unakuja nami."

Hapa, "unakuja nami" si maneno ya kupuuza. Mpiga kodiani wa lango la soko alikwenda na askari mwaka jana, kwa sababu ya wimbo. Alirudi. Kodiani bado anayo, ila haipigi. Anaibeba tu.

Tangu siku hiyo Yadviha halali vizuri. Ameandaa mkoba, iwapo atachukuliwa: soksi za sufu, sabuni, mswaki, dawa za presha. Mchana huuweka chini ya meza ya kibanda. "Lifti ikipita ghorofa yangu, napumua," anasema. "Ikisimama, nakaa kitandani nimevaa viatu."

Binti yake amemsihi auze vitabu vya mapishi. "Mama, supu haina mtawala."

"Nikamwambia, wewe hujaisoma supu ya hapa vizuri."

Raisa naye ana lake. "Andika bei tu, Kazimirovna. Hata bei zinatisha vya kutosha."

Asubuhi hii Yadviha hakuandika bei. Ubao mzima ameuacha mtupu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, ameandika: Sayari ya Tirma.

"Alikataza maneno," anasema. "Sayari aliitafuta mwenyewe."

Mwanamke mwenye mfuko wa viazi anasimama. Anatazama pale patupu, na midomo yake inacheza, kama anayesoma. Mzee mmoja anakuja, naye midomo inacheza. Hakuna anayetoa sauti.

Yadviha anawaona, na rangi inamtoka. "Nilidhani hivi nitaogopa kidogo," ananong'ona. "Kumbe ile sentensi wameishika yote kichwani."

Akiulizwa ana mpango gani, hafikiri sana. Anataka kuziba turubai kabla ya theluji. Anataka theluji imkute bado yuko hapa.

Mwisho wa njia inatokea kofia ya askari. Mwanamke wa viazi haondoki. Yadviha anatia chaki mfukoni, na kwa mguu, taratibu, anauvuta mkoba kutoka chini ya meza.